Carvalhaes: Mwanasaikolojia aliyetaka Pelé akae benchi

BARIADI. Siku ya mechi ya Simba na Yanga, kila kijiwe cha kahawa hapa Bariadi mjini kina wataalamu wa akili kumi. Mmoja atakuambia yule straika presha imemzidi. Mwingine atasema kipa ana moyo mdogo, mechi kubwa hazimfai. Wa tatu atakata maneno: yule dogo bado mtoto, wamuweke benchi. Kesho yake dogo huyohuyo anatupia mawili, na kijiwe kizima kinageuza hukumu bila hata kuona haya.

Hukumu za kijiweni hazimuumizi mtu. Kahawa ikiisha, nazo zimekwisha. Lakini yupo bwana mmoja aliyetoa hukumu ya namna hiyo akiwa kazini, akiwa na timu ya taifa ya Brazil, kuelekea Kombe la Dunia la mwaka 1958. Kwa maoni yake, dogo mmoja wa miaka 17 alikuwa bado mtoto na hakufaa kuchezeshwa. Winga mmoja wa kulia, mwenye miguu iliyopinda, naye alionekana hana uwajibikaji wa kutosha kwa mashindano mazito kama yale.

Dogo alikuwa Pelé. Winga alikuwa Garrincha.

Jina la bwana huyo ni João Carvalhaes. Alizaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1976. Kwa mashabiki wengi duniani amebaki kuwa kichekesho, yule mtaalamu wa makaratasi aliyetaka kumnyima dunia mfalme wa soka. Kichekesho hicho ni cha kweli kwa sehemu kubwa. Lakini maisha ya mtu hayaishii kwenye kosa lake moja, na haya ya Carvalhaes yana somo kwa kila anayefundisha vijana mpira, iwe São Paulo, iwe Maswa.

Alianzia kwenye mabasi

Carvalhaes hakuanzia kwenye nyasi. Jiji la São Paulo wakati huo lilikuwa linakua kwa kasi ya ajabu, watu wakimiminika kutafuta kazi viwandani, na kampuni ya usafiri ya manispaa, CMTC, ndiyo iliyowabeba. Kumkabidhi mtu usukani wa basi lililojaa abiria si jambo la kubahatisha. Waombaji walipimwa kwanza: wanaelewa maelekezo, wanaitikia hatari upesi, wanatulia mambo yakichafuka? Carvalhaes alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ya kupima.

Upande wa pili alikuwa mtu wa ngumi. Alishughulika na habari za ndondi kwa jina la João do Ringue, yaani João wa Ulingoni. Hiyo nayo ni shule. Anayekaa kando ya ulingo kila wiki anajifunza jambo ambalo kwenye mpira hujificha: mabondia wawili wana uzito sawa, wamefanya mazoezi yaleyale, lakini mmoja anapanda ulingoni akiwa ameshapigwa tayari kichwani mwake. Kengele ya kwanza inakuja tu kuthibitisha.

Katikati ya miaka ya 1950, chama cha soka cha jimbo la São Paulo kilimchukua kwenye shule yake ya waamuzi. Hapo ujuzi wa mabasi ulifaa sana. Refa na dereva wana kazi zinazofanana: wote wanaamua ndani ya sekunde moja, watu nyuma yao wakipiga kelele, na hakuna nafasi ya kurudia.

Kumbuka pia kuwa kazi ya mwanasaikolojia ilikuwa haijatambuliwa kisheria nchini Brazil. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1962. Kwa hiyo alipokuwa anaingia kwenye vyumba vya wachezaji na penseli zake, Carvalhaes alikuwa anafanya kazi ambayo kwenye vitabu vya serikali ilikuwa bado haina jina.

Wala hakuwa wa kwanza duniani. Marekani, mtu aitwaye Coleman Griffith alifungua maabara ya kuchunguza akili za wanamichezo kwenye Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1925. Mwaka 1938 timu ya besiboli ya Chicago Cubs ilimwajiri, na makocha wakamkataa waziwazi. Waliona mtu wa vitabu anakuja kuwafundisha kazi. Ugomvi huo kati ya benchi la ufundi na mtaalamu wa akili ni wa zamani, na Carvalhaes aliurithi bila kuuomba.

Jeraha la Maracanã

Ili uelewe kwa nini Brazil ilimtafuta mtu kama yeye, rudi Julai 16, 1950.

Siku hiyo Brazil ilikuwa kwao Rio de Janeiro, kwenye Uwanja wa Maracanã, mbele ya umati uliokaribia watu 200,000. Ilihitaji sare tu iwe bingwa wa dunia. Friaça akafunga mwanzoni mwa kipindi cha pili na nchi ikaanza kusherehekea. Kisha Schiaffino akaisawazishia Uruguay, na zikiwa zimebaki kama dakika 11 Ghiggia akapiga mpira uliopita kati ya kipa Barbosa na nguzo yake ya karibu. Uruguay 2, Brazil 1. Uwanja ukanyamaza.

Barbosa alibeba lawama hiyo mpaka anakufa mwaka 2000. Miaka 50 kwa bao moja. Si mchezo.

Miaka minne baadaye, Uswisi 1954, Brazil ilitolewa na Hungary 4-2 kwenye robo fainali iliyogeuka kuwa vita ya mateke. Baada ya hapo maneno yakazagaa kwamba mchezaji wa Brazil ana kipaji miguuni lakini kichwani hamna kitu, kwamba mechi ikiwa ngumu anatetemeka au anapigana. Maneno mengine yalikuwa mabaya zaidi, yakiwalenga wachezaji weusi na machotara, kana kwamba woga ni jambo la rangi ya ngozi. Barbosa alikuwa mweusi. Ilikuwa rahisi kumnyooshea kidole.

Basi kuelekea mwaka 1958 viongozi waliamua safari hii hakuna kubahatisha. Mkuu wa msafara alikuwa Paulo Machado de Carvalho. Daktari alikuwa Hilton Gosling. Alikuwepo mwalimu wa viungo Paulo Amaral, na daktari wa meno Mário Trigo aliyewang'oa wachezaji meno mabovu mengi tu, kwani wengi walitoka kwenye familia ambazo daktari wa meno ni anasa. Na kwenye orodha hiyo likaongezwa jina ambalo timu za wakati huo hazikuwa nalo: mwanasaikolojia, João Carvalhaes.

Ubingwa wa São Paulo

Hakuokotwa barabarani. Mwaka 1957 alikuwa akifanya kazi na klabu ya São Paulo, na mwaka huohuo klabu ikatwaa ubingwa wa jimbo chini ya kocha Mhungaria Béla Guttmann, huku mkongwe Zizinho akiongoza uwanjani.

Klabuni hapo alikuwepo pia Vicente Feola, mtu mnene, mpole, aliyefanya kazi kwa karibu na Guttmann. Feola ndiye aliyepewa timu ya taifa kwa ajili ya Sweden. Kwa hiyo hawa wawili, kocha na mwanasaikolojia, walikuwa wanajuana. Feola alimjua Carvalhaes ni mtu wa kazi, si mpiga ramli. Carvalhaes naye alimjua Feola ni msikilizaji. Kilichotokea baadaye hakikuwa ugomvi wa maadui. Walikuwa watu wawili wanaoheshimiana, kila mmoja akiwa na macho yake.

Penseli na karatasi

Wakati wa maandalizi wachezaji walipewa mitihani. Ipo iliyopima uwezo wa kufikiri na kuelewa, maswali ya alama, ya aina ileile iliyotumika kuchuja watu makazini. Ipo iliyowataka wachore picha, kwa mfano picha ya mtu. Nadharia ni kwamba mtu akichora, anaweka humo mambo asiyoweza kuyasema kwa mdomo.

Sasa mtazame anayefanya mtihani. Garrincha, jina lake halisi Manuel Francisco dos Santos, alikulia Pau Grande, kijiji kilichojengwa kuzunguka kiwanda cha nguo. Watu wa Bariadi mnalijua zao hilo. Mkoa wetu wa Simiyu ndio unaosifika nchini kwa pamba, na kule Pau Grande pamba ndiyo iliyogeuka uzi na kuwaweka watu mjini. Garrincha aliingia kiwandani akiwa mtoto. Shule aliigusa tu. Mguu mmoja umepinda kwenda ndani, mwingine kwenda nje. Alichokuwa anajua duniani ni ndege, kuvua samaki, na kumpita beki upande wa kulia.

Huyo ndiye aliyewekewa karatasi mbele. Masimulizi ya Brazil yanasema alipata alama 38 kati ya 123, ambazo hata kuendesha basi zisingemtosha. Inasimuliwa pia kwamba alichora duara lenye mistari kama jua, na alipoulizwa ni nini akajibu kuwa ni kichwa cha Quarentinha, mchezaji mwenzake wa Botafogo. Cheka tu, ruksa. Lakini baada ya kucheka jiulize: mtihani ule ulipima akili ya mpira, au ulipima miaka ya kukaa darasani?

Pelé alikuwa kesi nyingine. Alizaliwa Oktoba 23, 1940, kwa hiyo alikuwa na miaka 17. Carvalhaes alimuona bado ana utoto, hana ule ukali wa mapambano, na hana umri wa kubeba wajibu wa timu. Mwenyewe Pelé aliisimulia hukumu hiyo kwenye kitabu cha maisha yake miaka mingi baadaye, bila kinyongo kikubwa.

Tumtendee haki mtaalamu. Kwenye karatasi, alichoandika hakikuwa upuuzi. Kijana wa miaka 17 ni mtoto. Nani kati yetu angempeleka mwanawe wa umri huo mbele ya maelfu, ugenini, akabebe deni la 1950?

Na Garrincha naye alijichongea. Mei 29, 1958, Brazil ikiwa njiani kwenda Sweden, ilicheza mechi ya kirafiki dhidi ya Fiorentina kule Italia na kushinda 4-0. Garrincha aliwapita mabeki, akampita na kipa, goli likawa tupu. Badala ya kufunga akasubiri. Beki mmoja akarudi mbio, Garrincha akampiga chenga tena, ndipo akaingia na mpira golini. Mashabiki walicheka. Benchi halikucheka. Kwa viongozi waliokuwa na kidonda cha Maracanã, ule ulikuwa ushahidi kwamba mwanasaikolojia anasema kweli: huyu jamaa anacheza, hashindani.

Feola anaamua

Brazil ilianza Juni 8 kwa kuifunga Austria 3-0. Garrincha hakucheza, nafasi yake alikuwa Joel wa Flamengo. Pelé naye hakucheza, goti lilikuwa linamsumbua tangu alipochezewa rafu kwenye mechi ya maandalizi na Corinthians. Juni 11 ikaja England, ikatoka 0-0, sare ya kwanza bila mabao katika historia ya Kombe la Dunia. Presha ikaanza kupanda. Mechi iliyofuata ilikuwa na Umoja wa Kisovieti, wenye Lev Yashin golini na sifa kubwa ya mpira wa kisayansi.

Hapo ndipo swali likamfikia Feola mezani. Daktari Gosling alikuwa anashughulikia goti la Pelé. Carvalhaes alikuwa ametoa ushauri wake. Inasimuliwa kwamba wakongwe kama Didi na Nilton Santos nao walitaka Garrincha aanze, ingawa kwa miaka mingi watu wamebishana ni nani hasa aliyemsemea.

Feola alimsikiliza mwanasaikolojia mpaka mwisho. Kisha, kama Pelé anavyosimulia, akamjibu kwa upole kwamba pengine yuko sahihi, ila mpira haujui, na goti likiwa zima dogo atacheza.

Juni 15, mjini Gothenburg, Zito, Garrincha na Pelé wakaingia kikosini. Mpira ulipoanza tu ukaenda kulia. Garrincha akamchambua beki wake, akapiga, mpira ukagonga nguzo. Muda si mrefu Pelé naye akagonga mwamba. Dakika ya tatu Vavá akafunga. Dakika tatu! Mpira wa kisayansi haukujua umepigwa na nini. Mwisho ukawa 2-0, Vavá tena.

Robo fainali Wales walikaza, Pelé akafunga bao pekee. Nusu fainali Ufaransa wakachapwa 5-2, Pelé akiweka matatu. Dogo asiye na ukali wa mapambano!

Fainali ya Juni 29 kwenye Uwanja wa Råsunda, Solna, ndiyo yenye somo kubwa la akili kuliko zote. Sweden walifunga kwanza, dakika ya nne, kupitia nahodha wao Liedholm. Hapo kila Mbrazili aliyekuwa kwenye redio alikumbuka Ghiggia. Didi akaenda golini, akauchukua mpira, akautia kwapani, akatembea taratibu hadi katikati ya uwanja. Hakukimbia. Hakufoka. Aliwapita wenzake mmoja mmoja, nao wakamtazama, wakaona mtu ambaye haogopi. Kisha Garrincha akapita kulia mara mbili, Vavá akamalizia mara mbili. Kipindi cha pili Pelé akafunga, Zagallo akafunga, Pelé akafunga tena. Mwisho wa mchezo 5-2. Dogo akaangua kilio kwenye bega la kipa Gylmar, kama mtoto. Kwa hilo Carvalhaes hakukosea: alikuwa mtoto kweli.

Tangu hapo, mechi yoyote ambayo Pelé na Garrincha walicheza pamoja kwa Brazil, Brazil haikufungwa. Hata moja.

Alikosea wapi?

Mtu anaweza kusema basi, saikolojia ni porojo. Mimi nasema tutulie kidogo, kama Didi.

Carvalhaes hakukosea kusema kwamba kichwa kinaweza kupimwa na kusaidiwa. Alikosea kwenye kipimo na kwenye matumizi. Alichukua chombo kilichotengenezwa kuchuja watu na kukipeleka kwa watu ambao walishachujwa na kitu kikali zaidi, yaani mpira wenyewe. Dereva anapimwa kabla hajapewa basi. Garrincha alishaendesha basi lake miaka mingi, na mabeki wa Rio wote walikuwa abiria.

Kosa la pili ni kuitoa akili nje ya uwanja. Utulivu wa Didi usingeonekana kwenye karatasi. Ulionekana pale ulipohitajika, dakika ya nne ya fainali. Na utoto wa Garrincha, ule uliomfanya asubiri beki arudi, ndio uliomfanya asiogope Yashin wala umati. Kasoro iliyoandikwa kwenye ripoti ndiyo iliyokuwa ngao yake. Mwenzetu aliuona utoto, ila hakuuona faida yake.

Kosa la tatu si lake peke yake. Mtaalamu wa akili alipewa kazi ya kusema nani acheze na nani asicheze. Hiyo ni kazi ya kocha. Kazi ya mwanasaikolojia ni kumsaidia yule aliyepangwa: afanye nini usingizi ukikataa usiku wa kuamkia mechi, apumue vipi kabla ya penalti, asahau vipi kosa la dakika ya kumi ili dakika ya kumi na moja acheze. Ukimfanya hakimu, mchezaji atamficha moyo wake. Nani atamwambia ukweli mtu mwenye uwezo wa kumfuta kwenye kikosi?

Hata hivyo Brazil haikuitupa fani. Kombe la 1962 kule Chile walikwenda na mwanasaikolojia mwingine, Athayde Ribeiro da Silva, na wakachukua tena ubingwa. Mwaka 1965 wataalamu kutoka nchi mbalimbali wakakutana Roma na kuunda chama cha kimataifa cha saikolojia ya michezo. Mtu aliyechekwa mwaka 1958 alikuwa ametangulia mbele ya msafara mkubwa.

Carvalhaes mwenyewe alirudi klabuni São Paulo na kuendelea na kazi hadi miaka ya 1970. Hakukimbia. Kila alipotajwa, alitajwa na Pelé, na kila Pelé alipofunga, kosa lake lilipigiwa tarumbeta upya. Kufanya kazi ya kuwatuliza wengine huku jina lako mwenyewe likiwa mzaha wa nchi nzima, hiyo nayo inataka kichwa kilichotulia. Alifariki mwaka 1976. Feola alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla.

Leo timu kubwa hazisafiri bila watu wa fani yake. Ujerumani walimchukua Hans-Dieter Hermann mwaka 2004, na mwaka 2014 walikuwa mabingwa. England walimtumia Pippa Grange kuelekea Kombe la 2018, na pale Urusi wakaitoa Colombia kwa matuta, mara yao ya kwanza kushinda matuta kwenye Kombe la Dunia. Brazil nao mwaka 2014, tena wakiwa kwao, walikuwa na mwanasaikolojia, lakini wachezaji walilia uwanjani baada ya matuta na Chile, na siku chache baadaye wakala saba kwa moja kutoka kwa Wajerumani. Kwa hiyo kuwa naye tu hakutoshi. Inategemea anafanya nini na amekuja lini.

Na sisi wa Simiyu?

Mambo haya si mageni kwetu. Usukumani, kabla hata mpira haujafika, kulikuwa na Wagika na Wagalu. Makundi haya ya ngoma yanarudisha asili yao kwa Ngika na Gumha, mafundi wawili wa karne ya 19. Mavuno yakiisha, pande mbili zinakutana siku moja kwenye uwanja mmoja, kila upande na ngoma yake, na umati ndio refa. Watu wakihamia upande mmoja, mchezo umekwisha. Ni Simba na Yanga kabla ya Simba na Yanga.

Kila upande ulikuwa na mtaalamu wake, na dawa ya mvuto inaitwa samba. Ndiyo, samba, kama ile ngoma ya Wabrazili, ingawa hazina undugu. Mchezaji akishapakwa samba yake, anaingia uwanjani akiamini macho yote ni yake. Unaweza kuamini dawa au usiamini. Lakini huwezi kukataa kwamba aliyeingia akiamini amecheza tofauti na aliyeingia akitetemeka. Hata Brazil, usiku wa kuamkia ile fainali, walipolazimika kuacha jezi za njano na kuvaa za bluu, Paulo Machado de Carvalho aliwaondolea hofu kwa kuwaambia bluu ni rangi ya vazi la Bikira Maria wa Aparecida, mlinzi wa nchi yao. Mtaalamu wa penseli alikuwepo. Lakini maneno yaliyowatuliza yalitoka mahali ambapo mioyo yao ilishakaa.

Klabu zetu zinalijua hilo, tena zinalipa. Kamati za ufundi tunazijua. Timu zimepigwa faini na Bodi ya Ligi kwa kukwepa mlango rasmi au kutotumia vyumba vya kubadilishia nguo. Hiyo yote ni hela inayotafuta utulivu wa akili kwa njia ya giza. Sehemu ndogo tu ya hela hiyo ingemlipa mtu aliyesomea kazi hiyo akae na timu msimu mzima, azungumze na kipa aliyefungwa bao la kizembe, na dogo ambaye mama yake anaumwa kijijini.

Lakini kinachouma zaidi ni huku chini. Kila mwaka vijana wa Itilima, Meatu, Busega, Maswa na hapa Bariadi wanapanda basi kwenda kwenye majaribio Mwanza au Dar es Salaam, na viatu vya kuazima kwenye mfuko. Wanapewa dakika chache wacheze na watu wasiowajua. Kijana wa kijijini, Kiswahili chake kizito, macho chini, anaonekana hana moyo. Anaandikwa bado, anarudi nyumbani kulima pamba, na hukumu ile anatembea nayo maisha yake yote. Nani anajua ni wangapi kati yao walikuwa kina Garrincha wetu, waliopimwa kwa penseli badala ya mpira?

Garrincha alikuwa na bahati ya Feola, kocha aliyesikiliza ripoti, akaiheshimu, kisha akaangalia miguu ya mtu. Wa kwetu mara nyingi hawana bahati hiyo.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu unayefundisha timu ya shule, timu ya kata au timu ya mtaa, siku utakayokuwa na daftari mkononi na dogo mwoga mbele yako, mkumbuke João Carvalhaes. Mheshimu, kwa sababu aliona mapema kwamba mpira unachezwa na kichwa pia. Halafu funga daftari, umpe dogo dakika 90.